Taa ya Baba Munyi

Jumanne, 8 Oktoba 2019

Basi nilikuwa wapi? Jana ng'ombe ya Lydiah iliingia kwa mihogo nikatupa kalamu hapo hapo nikakimbia na fimbo. Ndio, kisanduku.

Huyo msichana alisimama kwa mlango wangu na begi mgongoni akasema, mama, tumekuletea sensa. Nikamwambia sensa ilipita hapa mwezi wa nane, wakaandika mtu mmoja na kuku sita, na tangu hiyo siku mimi sijazaa. Akacheka mpaka akashika ukuta. Kumbe sensa yake ni kitu ingine. Ni jicho ndogo yenye inaona joto ya mtu akipita, na sikio ya kusikia mtu akiongea, zote zimefungwa ndani ya kisanduku nyeupe kama ya biskuti, na huko ndani kabisa kuna programu yenye ameandika mwenyewe. Nikamuuliza unaandika aje kitu haionekani. Akaniambia ni kama mbegu, huioni ikifanya kazi, unaona tu imeota.

Anaitwa Ntinyari. Mmeru wa Kinoru, anamalizia chuo na hii utafiti. Anataka kujua kama kisanduku inaweza kuangalia mtu mwenye anaishi peke yake. Huku kwetu Kiambere wamewekea watu wawili wawili, jirani na jirani. Mimi nimewekwa na mzee Ndambiri, Baba Munyi, wa ng'ambo ya ua ya mkonge.

Kila asubuhi kisanduku inaongea na sauti ya bibi wa redio: habari ya asubuhi, uko namna gani? Ukisema mzuri, taa inakuwa kijani kwako na kwa jirani pia. Ukinyamaza, manjano. Ukisema mbaya, nyekundu, na simu ya Ntinyari inalia, na ya mtoto wako. Tena kuna kitufe chekundu. Hiyo ni ya jirani kubonyeza kama mwenye kisanduku ameshindwa kujisemea. Kwa hivyo hapa kwa ukuta niko na taa mbili, yangu na ya Baba Munyi.

Sasa sikia neno yenyewe. Munyi ni kijana wake, ako kwa ofisi Embu mjini na nyumba mtaa wa Majimbo huko huko, nyumba ya mawe. Alikuja siku ya kuwekwa, akasema mbele yangu: "Baba, hii mvua ikiisha na taa yako iko kijani, utakaa kwa shamba yako. Ikienda nyekundu hata mara moja, unakuja kukaa na mimi."

Mzee akaniangalia. Mimi nikaangalia kuku.

Kwa sababu wakimtoa huyo mzee, nitaongea na nani? Bwana yangu Ireri alienda kwa Mungu kitambo. Msichana wangu Wawira ako Saudia, kazi kwa nyumba ya watu, ananitumia sauti Jumapili akirudishiwa simu yake. Lydiah wa duka, huyo anataka maneno yako yote lakini yeye hakupei yake hata moja.

Ntinyari aliniachia kitabu niandike mstari mmoja kila siku juu ya kisanduku. Niliandika, nikaona kalamu haitaki kusimama, nikajinunulia hii. Ya kwake iko na mistari, hii iko na maneno. Kiswahili ni cha darasa la tano, lakini Kimbeere sijawahi kuona mtu akiandika, hata Bibilia ya kanisa yetu ni ya Kikuyu.


Jumatano, 9 Oktoba

Nimejibu kisanduku: niko mzuri, isipokuwa hii bega. Ikasema asante, siku njema. Ilisikia mzuri peke yake. Mengine ikanikatia.


Jumamosi, 12 Oktoba

Mvua imenyesha. Tumepanda ndengu, mimi upande wangu, Baba Munyi upande wake, ua katikati. Yeye anatafuna majani yake ya muguka, mimi naongea. Hiyo ndio kazi yetu tangu Ireri aende. Nilimwambia maneno ya mchungaji na ile pikipiki, akacheka akasema, "Wambeti, siku ile utakufa, mdomo wako utazikwa kivyake, na kaburi yake itakuwa kubwa kuliko yako."

Yeye peke yake ndio ananiita Wambeti. Wengine wote mimi ni Mama Wawira.

Lakini nimeona mguu wake. Umefura. Viatu vya mpira amekata na kisu mbele ndio uingie. Nikamuuliza mguu umelala aje, akasema umelala vibaya, unamgonga kama mtu anabisha mlango. Nikasema si uambie kisanduku. Akasema, "Kisanduku haijauliza mguu. Imeuliza mimi."


Jumapili, 13 Oktoba

Kanisa. Wawira hajatuma sauti. Labda simu imefungiwa.


Jumatatu, 14 Oktoba

Kijani, kijani.


Alhamisi, 17 Oktoba

Wacha niandike haraka kabla nijipendelee. Jumanne nilienda kwa duka kununua chumvi. Lydiah akaniuliza, na mzee wako wa ng'ambo? Nikasema ako, isipokuwa miguu imefura kama mihogo ya mwaka jana. Ni hiyo tu. Haikuwa hata porojo, ilikuwa chumvi nangojea.

Jana Munyi amepigia baba yake simu akiwa amekasirika. Kumbe Lydiah ako na binamu Majimbo, ploti jirani na ya Munyi.

Baba Munyi amekuja kwa ua leo asubuhi. Hakuwa na muguka. Akasema polepole, si kwa sauti, na ningependa ingekuwa kwa sauti: "Nimemwambia ni kiatu kilinifinya. Ameamini mara hii. Mama Wawira, mdomo wako ndio utanipeleka Majimbo."

Mama Wawira. Unaona?

Nikamwapia. Nikasema mimi kwa hii neno ya mguu nimeshona mdomo. Akaenda.


Ijumaa, 18 Oktoba

Taa yake kijani. Yeye sijamwona.


Jumapili, 20 Oktoba

Kijani.


Jumatatu, 21 Oktoba

Kijani. Nimepalilia karibu na ua mpaka magugu yameisha, nikaanza kung'oa yenye haijaota. Hakuja.


Alhamisi, 24 Oktoba

Mvua haiachi. Barabara ya kwenda dam, ile bwawa ya stima, imekuwa tope. Hakuna mtu anapita, hata wale wa kununua mbuzi. Nimegundua kitu. Kabla ya kisanduku, nikikosa kumsikia mzee akikohoa asubuhi nilikuwa naenda kupiga kelele kwa ua, amka wewe. Sasa naangalia taa. Taa ni kijani, nakaa. Na yeye anaangalia yangu, ni kijani, anakaa. Tumekuwa watu wa kuangaliana kwa ukuta.

Leo nimeongea na kisanduku muda mrefu. Nimeipatia habari ya mchungaji na pikipiki yote. Imengoja nimalize, ikasema, sijasikia vizuri, tafadhali rudia. Nikarudia! Mimi nilisema hakuna mtu ameniomba kurudia habari tangu nizaliwe.


Jumanne, 29 Oktoba

Ntinyari amekuja, gari imekwama kwa Lydiah akatembea na miguu. Nikampikia chai ya maziwa na mihogo. Anakula vizuri huyo msichana, haringi. Nilimuuliza kama ako na mchumba, akasema mchumba wake ni kompyuta. Nikasema hiyo haitakuletea mahari, akasema hata hao wengine hawaleti.

Alifungua kompyuta akanionyesha mistari inapanda na kushuka. Hii ni wewe mama, akasema, unalala mapema, unaamka mapema, unatembea sana ndani ya nyumba. Sikujua natembea. Kumbe jioni naenda mlango na kurudi, mlango na kurudi.

Halafu akanionyesha ya Baba Munyi. Alikuwa na furaha. Akasema, "Mama, huyu mzee ako na nguvu ya ajabu. Hakai chini. Usiku, mchana, anazunguka tu."

Nikajua mara moja. Ni watoto wa mbuzi. Mvua ikinyesha hivi Baba Munyi huwaingiza ndani ya nyumba wasipate kikohozi. Jicho inaona joto ikipita, inasema ni mzee. Na mzee labda amelala kwa kitanda na mguu yake.

Nilifungua mdomo. Maneno yalikuwa hapa kwa meno. Nikamwongezea chai.

Nimefanya vizuri ama nimefanya vibaya? Nikisema, anaondolewa. Nisiposema, anabaki, lakini anabaki namna gani? Ile siku nilisema neno moja nikampoteza kwa ua. Leo nimenyamaza. Haya, sasa nimenyamaza, Wambeti ni mtu mzuri.


Jumapili, 3 Novemba

Kijani. Wawira ametuma sauti. Amesema ako mzuri. Sauti yake ni ya mtu amelia. Nikamtumia yangu nikasema na mimi niko mzuri.


Jumanne, 5 Novemba

Nimesikia redio yake ng'ambo. Nikakaa kwa kiti nje nikaisikiliza yote mpaka matangazo ya vifo.


Ijumaa, 8 Novemba

Kijani. Redio hakuna. Labda ni betri.


Jumamosi, 9 Novemba

Nimempelekea supu, nimeweka kwa ua juu ya jiwe, nikaita mara moja nikaondoka ili asione ni mimi nangoja. Jioni sufuria ilikuwa tupu. Ama ni yeye ama ni mbwa. Nimeiosha kama ni yeye.


Jumatatu, 11 Novemba

Kijani.


Jumatano, 13 Novemba

Leo nitaandika yote.

Jana asubuhi mvua ilikuwa imelala kidogo. Kisanduku ikaniuliza, nikajibu mzuri. Taa yake ikawa kijani kama kawaida. Nikatoka kufungulia kuku, nikasikia mbuzi za Baba Munyi zinalia. Si kulia ya njaa kidogo. Kulia ya wanyama hawajafunguliwa tangu jana yake. Nikarudi ndani nikaangalia taa. Kijani. Nikajiambia Wambeti, taa imesema ako sawa, wacha kujitafutia maneno. Nikaenda nje. Mbuzi. Nikarudi. Kijani.

Nikasimama kwa ua nikaita, Baba Munyi, uko namna gani?

Sauti ikatoka ndani ya nyumba, ndogo, kama imetoka chini ya debe. "Niko mzuri."

Nikasema mbuzi zinalia.

"Ni mzuri tu."

Mimi mtu akinijibu hivyo kwa barabara nafurahi napita. Lakini hiyo mzuri ilitoka chini. Sauti ya mtu amesimama inatoka juu ya dirisha, hata mwenye amekaa. Hii ilitambaa. Nikapita katikati ya mkonge, ikanikata mkono, bado iko na damu hapa.

Alikuwa kwa sakafu. Katikati ya kitanda na ukuta, mgongo chini, blanketi nusu, watoto wa mbuzi wanamruka. Nguo zilikuwa na maji, si ya mvua. Alianguka usiku akashindwa kuinuka. Mguu ulikuwa mweusi hapa chini na moto kama sufuria. Na kwa ukuta, juu yake, kisanduku yake na taa ya kijani. Iliuliza asubuhi akiwa hapo chini. Akajibu mzuri.

Nikamwambia wewe mzee, mbona ulisema mzuri?

Akasema, "Mtu akikusalimia unajibu aje?"

Hata mimi hiyo ndio ningesema. Hapa kwetu unasema mzuri kwanza, halafu mwenye amekuuliza anakaa chini, anaangalia viatu vyake, anaongea mambo ya mvua, ndio sasa unamwambia isipokuwa. Kisanduku haijui kukaa chini.

Nilimkausha, nikamweka mto chini ya kichwa, kumwinua nikashindwa. Nikaangalia kitufe chekundu kwa kisanduku yake. Na yeye akaniona nikiangalia.

"Usifinye," akasema. "Niletee maji na majivu ya moto, huu mguu utashuka. Wambeti. Usifinye."

Ameniita Wambeti. Hizo wiki zote nimekaa nikingoja hiyo neno kama mtu anangoja basi, na sasa imekuja hivi.

Nikakaa chini kwa sakafu karibu na yeye. Nikamwambia mguu umeanza kunuka. Akasema anajua. Nikamwambia mguu ya namna hiyo ilimchukua kaka ya Ireri kwa wiki moja. Akasema anajua, alibeba jeneza yake. Nikasema sasa? Akasema, "Majimbo kuna geti. Munyi anaenda kazi anafunga geti. Nitaangalia nini kule, Wambeti? Geti?"

Nikasema utakuwa unaangalia ukiwa hai.

"Na wewe," akasema, "utaongea na nani?"

Hiyo ndio ilikuwa mbaya. Kumbe alikuwa anajua. Miaka yote nilifikiri mimi ndio namsaidia na porojo zangu asikae peke yake, kumbe yeye alikuwa amesimama hapo kwa ua na muguka yake kunisikiliza mimi. Kazi yake ilikuwa hiyo.

Nikainuka nikafinya. Nikafinya na kidole gumba mpaka nikasikia kitu inalia ndani. Taa ikawa nyekundu na ile sauti ya bibi ikasema, asante, msaada unakuja. Mzee akageuza uso kwa ukuta.

Nilikaa na yeye mpaka Munyi akafika na gari ya watu wa kumbeba. Nikaongea mimi. Niliongea mambo yote, ndengu, mchungaji, Lydiah, mahari ya Ntinyari. Hakujibu moja. Wakimbeba alifunga macho akipita kwangu.


Alhamisi, 14 Novemba

Nimefungulia mbuzi zake. Munyi amesema nizichunge kwanza.


Jumamosi, 16 Novemba

Munyi amepiga. Wamekata vidole viwili vya mguu, mguu umebaki. Daktari alisema siku moja zaidi na tungekuwa tunaongea habari ingine. Nikaomba kuongea na mzee. Nikasikia Munyi akisema, baba, ni Mama Wawira. Halafu Munyi akasema amelala.

Mtu amelala haulizwi baba ni Mama Wawira.


Jumatano, 20 Novemba

Taa yake ni manjano. Inangoja mtu hayuko.


Jumamosi, 23 Novemba

Mvua. Lydiah alikuja na mwavuli, eti kuniona. Akakaa, akangoja. Nikampatia chai. Akangoja tena. Nikamwambia niko mzuri, mzee ni mzuri, mbuzi ni nzuri. Akaenda kama mtu ameuziwa debe tupu.

Nilikuwa na maneno mengi sana. Sikupenda tu yatokee kwa duka.


Jumatano, 27 Novemba

Ndengu imeanza kufunga maganda. Ya kwake ni mzuri kuliko yangu. Nimepalilia zote mbili. Nikiwa upande wake naangalia kwa ua upande wangu, naona kiti changu. Sikujua kinaonekana hivyo kutoka hapa.


Jumapili, 1 Desemba

Munyi amekuja kuchukua blanketi na koti ya kanisa. Kumbe ni kweli, mzee hatarudi kukaa. Nikamwonyesha koti iko wapi, yeye hakuwa anajua. Akaniambia asante mama, uliokoa baba. Nikasema karibu. Alipoenda nikafunga mlango ya mzee na kamba.


Ijumaa, 6 Desemba

Ntinyari ako hapa. Naandika akiwa kwa gari, mvua inapiga mabati kama mawe na tunaingoja iishe. Nitasema kwa nini.

Alifika asubuhi. Hakukula mara moja. Akaniambia amesikiliza sauti zote za mzee, za kila asubuhi. Zote ni mzuri. Hata ile ya siku ya sakafu, ukiisikiliza unasikia mtoto wa mbuzi. Akasema profesa wake amemuuliza nini ilivunjika, betri ama netiwaki, na yeye amejibu hakuna kitu ilivunjika. Nyanya yake kule Kinoru alimwambia muga, muga mno, ndio mzuri sana ya kwao, wiki moja kabla wamzike, na yeye akaandika programu ya kusikia mzuri na kulala.

Nikamwambia mambo ya watoto wa mbuzi. Nikamwambia nilijua siku ile ya chai. Nilidhani atachukua begi aende. Akasema, "Mama, ungeniambia," basi, akainama akakula muhogo.

Halafu akasema yenye imemleta. Ameweka kisanduku huko Majimbo. Munyi anatoka asubuhi anarudi giza, mzee anabaki na geti. Na mzee hajibu. Kisanduku inauliza, yeye ananyamaza, kila siku manjano. Dawa hawajui kama amekunywa. Munyi anasema ikiendelea hivi atamtafutia mahali pa wazee, kwa watu hawajui. Ntinyari akasema ile sauti ya bibi wa redio mzee ameikataa. Anataka kuweka sauti ingine ndani.

Yangu.

Nikacheka kwanza. Nikasema huyo hataki hata kuniona, alifunga macho. Akasema tutajaribu. Nikamuuliza, na akinijibu, nitamsikia? Akasema hapana mama. Sauti yako inaenda, jibu inabaki kwa kisanduku na kwa simu ya Munyi. Wewe utaona taa tu.

Kwa hivyo nitaamka hapa kila asubuhi na huko Majimbo mimi mwenyewe nitakuwa naongea, na nikiwa hapa sitajua nimejibiwa nini. Mimi, mtu wa kujua ya kila boma mpaka kwa dam. Lakini nimekubali. Nilikubali kabla amalize kusema.

Ameniambia mvua ikisimama tutarekodi, sekunde chache, swali moja, si habari yako. Nimekaa hapa kwa meza nikijaribu. Nisamehe si swali. Umekunywa dawa ni swali ya daktari, ataikataa. Nafikiri nitauliza mguu. Baba Munyi, mguu umelala aje. Mguu hauna haya, mguu unasema ukweli, yeye alikuwa ananijibu hiyo hata na muguka kwa mdomo. Lakini nikishauliza mguu, nitanyamaza aje hapo? Si nitataka kumwambia ndengu yake imefunga, na yule mbuzi mwekundu amezaa, na mimi

Mabati imenyamaza. Ntinyari anaita kwa mlango: "Mama, mvua imesimama. Kuja sasa, kabla irudi."